Supamaketi Rumonge: tupige hesabu kabla ya kushangilia

KILA anayerejea Rumonge kutoka Kigoma, Dar es Salaam au Nairobi huja na swali lilelile: lini na sisi tutapata supamaketi? Huko alikokuwa ameona rafu ndefu, bei zimebandikwa, mtu anachukua kikapu chake na kulipa mlangoni bila kuvutana na muuzaji. Vijana wao wanaongeza swali la pili: kwa nini unga, sukari na sabuni visiagizwe kwa simu vikaletwa hadi nyumbani?

Ni maswali ya haki, na ndani yake kuna fedha za watu. Yupo ndugu yetu aliyerudi na akiba ya miaka mingi ambaye anafikiria kujenga jengo la kupangisha kampuni kubwa. Yupo mfanyabiashara wa mawese au ndagala anayeota kuwa msambazaji wa kampuni hiyo. Kabla hawajafanya hivyo, tuangalie yaliyowapata wenzetu katika Afrika Mashariki.

Mwaka 2008 kampuni ya Nakumatt ya Kenya ilifungua duka Kigali, mwaka uliofuata ikaingia Kampala, kisha Tanzania. Mwaka 2014 ikanunua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiondoka Tanzania. Ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, na wengi wakaamini kwamba siku moja itatia nanga Bujumbura.

Kumbe ukuaji ule ulibebwa na madeni. Septemba 2013 ilipoteza tawi lake kubwa katika shambulio la Westgate, Nairobi. Kufikia mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Uchumi, nayo ya Kenya, ilikuwa imefunga maduka yake ya Uganda na Tanzania kwa mpigo mmoja Oktoba 2015. Tuskys ikaanguka baada yao. Shoprite ikaondoka Kenya, na mwaka 2021 ikaondoka Uganda, ambako Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilichukua maduka yake.

Nani aliumia zaidi? Mteja alihamia duka la jirani. Aliyeumia ni aliyepeleka mali kwa mkopo. Katika biashara hii msambazaji hulipwa baada ya siku 30, 60 au zaidi. Maana yake ni kwamba mkulima wa nyanya na mwenye kiwanda kidogo cha maziwa ndio wanaoikopesha kampuni kubwa, bila riba. Kampuni ikifa, benki yenye dhamana hulipwa kwanza. Mwenye nyanya husimama nyuma ya foleni.

Sasa turudi kwetu. Kampuni yenye maduka mengi huchagua mahali kwa kuuliza maswali yasiyobadilika. Je, karibu na hapo kuna watu wangapi wenye mshahara wa kila mwezi? Je, umeme unatosha kuendesha majokofu usiku na mchana? Je, lori la kujaza rafu litafika kwa siku iliyopangwa? Je, kiwanja hakina kesi?

Tuanze na mshahara. Wenye mshahara hapa ni walimu, wauguzi, askari na watumishi wachache wa serikali na mashirika. Wengine wote, yaani mvuvi, mchuuzi, mkulima wa michikichi na mwendesha pikipiki, hupata leo na kula leo. Mtu wa namna hiyo hanunui mafuta ya lita tano mwisho wa mwezi. Hununua kichupa jioni. Supamaketi imeundwa kwa ajili ya anayenunua vingi mara chache. Soko letu limeundwa kwa anayenunua kidogo kila siku. Ndiyo sababu muuza soko hashindwi kirahisi: anapima kwa kikombe, anakopesha anayemfahamu, na samaki wake ametoka majini alfajiri.

Kuhusu lori, hali ni ngumu zaidi. Tangu mwaka 2021 nchi imepita katika vipindi vya uhaba wa mafuta ya gari. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda kutoka faranga 2,084 hivi hadi 2,850 hivi kwa bei rasmi. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Kampuni ya Nairobi inayotaka kuleta bidhaa hapa inapaswa kuhesabu dola ya kununulia mali, dizeli ya kusafirishia na njia ya kupitia. Hesabu hizo tatu zinatosha kumfanya meneja afunge faili.

Njia yenyewe ina habari njema kiasi. Mradi wa barabara uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika unaunganisha upande wa Tanzania, kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu, na upande wetu katika kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza. Barabara nzuri hupunguza bei ya mali. Lakini tusisahau: barabara inayomleta mwenye duka kubwa ndiyo inayompeleka mteja wetu Bujumbura kununua huko huko. Mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 70 kutoka Bujumbura unaweza kuhudumiwa na duka la Bujumbura bila tawi hata moja kujengwa hapa.

Kuna suala la kiwanja, na hapa nazungumza kama mtoto wa wakimbizi wa 1972, niliyesomea Mishamo nikarudi nikiwa mtu mzima. Rumonge na Nyanza-Lac ni mahali ambapo shamba moja linaweza kudaiwa na familia mbili, kila moja ikiwa na machozi yake. Tume ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006 kwa sababu hiyo. Kampuni ya nje haipangi jengo lililo juu ya ardhi yenye kesi. Anayejenga kwa matumaini ya mpangaji mkubwa ahakikishe karatasi zake kwanza, si baada ya kumwaga zege. Na asijenge karibu na maji kwa kupenda mandhari. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda ikaingia katika nyumba za pwani na kufunika sehemu za barabara. Ziwa halisomi hati ya kiwanja.

Tuje kwenye kuagiza kwa simu. Wengi hudhani kwamba duka la mtandaoni ni rahisi kwa kuwa halihitaji jengo. Historia inasema vingine. Kampuni ya Webvan ya Marekani ilijenga maghala makubwa ya kuuza vyakula kwa intaneti, ikafilisika Julai 2001, katika nchi yenye barabara, umeme na kadi za benki. Tesco ya Uingereza ilidumu kwa sababu ilianza kwa kuchukua bidhaa katika rafu za maduka iliyokuwa nayo tayari. Kwetu Afrika, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwishoni mwa mwaka 2023 ikafunga huduma yake ya kupeleka vyakula katika nchi zote ilikokuwa ikiiendesha, Kenya na Uganda zikiwamo.

Sababu ni hesabu ya darasa la nne. Faida safi ya biashara ya vyakula mara nyingi haizidi asilimia 2 au 3. Tuseme mteja wa Rumonge ameagiza vitu vya faranga 30,000. Asilimia 3 ya hapo ni faranga 900. Tuseme pikipiki inataka 2,000 kufika kwake. Nani atalipa tofauti? Mteja akilipa, ataona afadhali aende sokoni mwenyewe. Duka likilipa, kila oda inalipunguzia mtaji. Oda zikiwa nyingi, hasara nayo inakua.

Je, basi tukate tamaa? Hapana. Tutazame vizuri, tutaona kwamba biashara ya simu ipo tayari kandokando ya ziwa hili, ila inakwenda kinyume na tunavyoiota. Haileti mali ya kampuni kwa mteja wa Rumonge. Inapeleka mali ya Rumonge kwa mteja wa mbali. Mama wa Bujumbura anampigia simu muuza mawese, anatuma fedha kwa Lumicash, dumu linapandishwa kwenye basi, linapokelewa jioni. Mfanyabiashara wa Nyanza-Lac anaulizia bei ya Kigoma kabla hajapanda boti. Hapo gharama ya usafiri inagawanywa katika dumu kumi au magunia matano, si katika kilo mbili za sukari.

Kinachokosekana ni uaminifu unaopimika. Mnunuzi wa mbali hajui kama mawese yamechanganywa, kama ndagala wamekauka kweli au wana mchanga, kama kilo ni kilo. Supamaketi inauza kitu kimoja ambacho sisi hatuuzi: uhakika. Bei imeandikwa, uzito ni uleule, risiti ipo, na kibovu kinarudishwa. Mambo haya manne hayahitaji mwekezaji wa Dubai. Yanahitaji mizani iliyokaguliwa, ghala kavu, daftari na wafanyabiashara kumi waliokubaliana. Vyama vya ushirika vya Sangwe vilivyoko kwenye vilima vyetu vingeweza kuanza na bidhaa mbili tu, mawese na ndagala, kwa vifungashio vyenye uzito na tarehe.

Kwa wanaovuka mpaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, kwa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Anayepita Mugina na Manyovu bila kuutumia anajinyima haki yake na kumnufaisha dalali.

Na siku mwekezaji akija? Apokewe, kwani ajira na ushindani ni vitu vyema. Lakini msambazaji asimpe kwa mkopo mali ambayo ikipotea naye ataanguka. Siku za malipo ziandikwe katika mkataba. Asiache wateja wake wa sokoni kwa ajili ya mteja mmoja mkubwa. Naye mwenye jengo asikope benki kwa ahadi ya mdomo. Wapo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliokuwa na mpangaji mwenye jina kubwa, wakaamka na jengo tupu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona mwenyeji aliyekwishapanga ghala lake na kukagua mizani yake kabla mgeni hajabisha hodi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Rumonge.