Kusema halimo si kusema halipo

Sisi wanaisimu tuliojifunza Python kidogo tunauliza swali moja mara elfu kwa siku: je, neno hili limo katika kamusi? Kamusi hapa ni ule muundo wa data wenye funguo na thamani. Ufunguo ni neno, thamani ni maana yake. Swali huandikwa kwa herufi mbili tu, in, na mashine hujibu ndiyo au hapana. (Ile njia ya zamani ya has_key iliondolewa katika Python 3, mwaka 2008, na sijaona aliyeililia.) Ninachobishia ni namna tunavyolisoma lile hapana.

Kwetu Runingu, katika sheferi ya Bafuliiru wilayani Uvira, jina la lugha lenyewe linatosha kuonyesha tatizo. Tunaandika Kifuliiru, kwa i mbili, kwa sababu irabu ile ni ndefu. Wengine huandika Kifuliru, na zamani watu wetu waliandikwa Bafulero. Mto unaotutenganisha na Burundi ni Ruzizi upande huu, Rusizi upande ule. Kwa mashine hizo ni funguo zisizojuana kabisa. Ukiweka toni mambo yanazidi: á huweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama a ikifuatwa na alama yake. Jicho halioni tofauti, in inaiona.

Wenzetu wa kompyuta hutuambia tusawazishe maandishi kwanza, ndipo tuulize. Kwa ile á nakubali. Lakini ukiamua kwamba ii na i ni kitu kimoja ili utafutaji uwe rahisi, katika lugha ambayo urefu wa irabu hutofautisha maana, umeunganisha maneno mawili na kupoteza moja. Uamuzi huo ni wa mwanaisimu na wasemaji, haufai kufichwa katika mstari mmoja wa programu.

Viambishi navyo ni vilevile. Hata kamusi ya Kiswahili ina pika, haina walivyopikiwa. Kikagua tahajia kinachouliza kwa umbo zima kitachora mstari mwekundu chini ya Kifuliiru safi, na kijana anayeandika ataweka neno la Kiswahili au la Kifaransa ili mstari uondoke.

Kinachoniudhi zaidi ni get. Mzee akitaja mti ambao hatuna jina lake katika lugha nyingine, tunaandika ufunguo na kuacha thamani ikiwa None, yaani patupu, mpaka tumpate wa kutueleza. Ukiuliza kwa get, jibu ni None. Ukiuliza neno ambalo hakuna aliyewahi kulitaja, jibu ni None vilevile. Anayesafisha orodha kwa jibu hilo anafuta kazi ya mchana kutwa barazani kwa wazee, akidhani anafuta hewa. Kwa in, la kwanza lingejibiwa ndiyo na la pili hapana. Basi kuwepo kuulizwe kwa in, maana ndiyo itafutwe kwa get.

Pia naomba kila mradi wa kamusi katika kitivo chetu utunze orodha ya pili, ya maneno yaliyoulizwa yakakosekana, kama yalivyoandikwa na aliyeuliza. Isomwe kila mwezi na mtu anayeizungumza lugha hiyo nyumbani, kabla yeyote hajaruhusiwa kufuta kitu.