Mnunuzi wa tarakilishi aambiwe tarehe yake ya mwisho

Tangu kampuni ya Microsoft ilipoacha kutoa bila malipo marekebisho ya usalama ya mfumo wake wa Windows 10, mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, wananchi wengi wenye tarakilishi kuukuu wamejikuta njia panda. Kweli, waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja, lakini nyongeza ni nyongeza tu. Tarakilishi ya mtumba ambayo ingali inawaka na kufanya kazi aghalabu haiukubali mfumo mpya wa Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai vipuri ambavyo mashine za zamani hazina. Mwenye uwezo atanunua mpya. Mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa chama cha akiba na mikopo, na mwanafunzi wa chuo watazunguka madukani wakitafuta kitu cha bei nafuu.

Na kitu hicho kipo. Madukani jijini Nairobi, na katika miji mingine mikubwa pia, kumejaa vipakatalishi vidogo viitwavyo Chromebook, vingi vikiwa vimekwisha kutumiwa na wanafunzi wa shule za ng'ambo. Bei ya baadhi yavyo haifikii hata nusu ya ile ya kipakatalishi cha kawaida cha mtumba. Nasema waziwazi kwamba mimi si adui wa mashine hizi. Makala haya nayaandika kwa kutumia mojawapo. Ninacholalamikia ni jinsi zinavyouzwa. Mnunuzi haambiwi jambo moja ambalo ndilo hasa linaloamua thamani ya bidhaa anayoilipia, nalo ni tarehe ambayo mashine hiyo itaachwa mkono na waliounda mfumo wake.

Ili msomaji aelewe uzito wa tarehe hiyo, yafaa kwanza tueleze mashine yenyewe. Wazo lake si geni. Katikati ya miaka ya 1990, Larry Ellison wa kampuni ya Oracle alikuwa akihubiri habari za tarakilishi ya mtandao, mashine rahisi isiyo na mengi ndani yake, ambayo ingetegemea mitambo mikubwa iliyo kwingine. Wazo hilo lilidoda, maana intaneti ya siku zile ilikuwa ikitambaa katika nyaya za simu. Humu nchini hali haikubadilika sana hadi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009. Juni 2011 ndipo Chromebook za kwanza, zilizoundwa na Samsung na Acer kwa mfumo wa Google, zilipoanza kuuzwa Marekani.

Mfumo huo, kwa ufupi, ni kivinjari cha Chrome kilichojengwa juu ya Linux. Barua, picha na hesabu za mtumiaji huhifadhiwa katika mitambo ya mbali, mahali wanapopaita wingu, ijapokuwa wingu lenyewe ni majumba makubwa yenye mitambo inayokula umeme usiku na mchana. Kwa kuwa kazi nzito hufanyika huko, mashine iliyo mezani haihitaji nguvu nyingi: kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 32 hutosheleza mahitaji ya kawaida. Huwaka kwa sekunde chache. Kila inapowaka huukagua mfumo wake, na ikigundua kwamba umechezewa, hurejelea nakala nyingine iliyo salama. Virusi vilivyotungwa kuihangaisha Windows havina pa kuotea humo.

Sasa tujiulize kwa unyofu: Mkenya wa kawaida huifanyia nini tarakilishi? Huandika barua ya kuomba kazi. Huingia katika eCitizen kutafuta cheti au leseni. Huandaa orodha ya michango ya mazishi na kumbukumbu za mkutano wa chama. Husoma barua pepe, hutazama video, huhudhuria mkutano kupitia Zoom. Haya yote hufanyika ndani ya kivinjari, na kumlazimisha mtu wa kazi hizi anunue mashine ya shilingi 60,000 ni kama kumwambia mwenye shamba la robo ekari anunue trekta. Mhasibu anayetumia programu maalumu, mchoraji wa ramani za majumba na mhariri wa filamu, hao nawashauri wasiikaribie. Hata mfanyabiashara mdogo atakwama pale atakapoletewa majedwali ya Excel yenye amri zilizofichwa ndani yake, kama yale ambayo Mamlaka ya Ushuru imekuwa ikiyatumia kwa baadhi ya ritani za kodi. Lakini hao si wengi wa wanunuzi.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha mambo. Kila aina ya Chromebook imepangiwa tarehe ambayo baada yake Google haitaitumia tena masasisho, yaani yale marekebisho ya mara kwa mara yanayoziba mianya ya wadukuzi. Hapo mwanzoni muda huo ulikuwa mfupi. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza miaka 8 kwa aina mpya. Aprili 2023 shirika la kutetea wateja la U.S. PIRG Education Fund lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi shule za Marekani zilivyolazimika kutupa mashine nzima nzima kwa sababu ya tarehe tu, likakadiria kwamba kuurefusha maradufu uhai wa zile zilizonunuliwa wakati wa janga la korona kungeokoa dola bilioni 1.8. Septemba mwaka huo huo, Google ikakubali kufikisha miaka 10.

Miaka 10 si haba. Lakini ikumbukwe kwamba hesabu haianzi siku unayonunua wewe, wala siku shule ya Marekani iliponunua. Huanza siku ambayo aina hiyo ya mashine ilitolewa sokoni kwa mara ya kwanza. Shule ikinunua aina iliyo na umri wa miaka mitatu, ikaitumia kwa miaka mitano, kisha ikaiuza kwa wakala, naye wakala akaisafirisha hadi Mombasa, anayeinunua Nairobi amebakiwa na miaka miwili au pungufu. Nazo zile ambazo tarehe zake zilipita kabla ya ahadi ya 2023 hazikufufuliwa. Baadhi ya mashine zilizo rahisi mno madukani ni za namna hiyo, na urahisi wake ndio unaopaswa kumshtua mnunuzi.

Huenda msomaji akauliza: je, tarehe ikipita mashine hufa? La, huendelea kuwaka. Kibodi ni nzima, betri bado ina uhai, kioo hakina ufa. Tatizo ni kwamba mashine hii kazi yake yote ni kivinjari, na kivinjari chake hugandia pale pale kilipofikia. Tarakilishi ya Windows ikizeeka, mwenyewe bado ataandika ndani yake bila mtandao, au atatafuta kivinjari kingine. Chromebook iliyozeeka huanza kukataliwa mlangoni: leo tovuti moja inakwambia kivinjari chako kimepitwa na wakati, kesho benki inakufungia nje. Na hata pale inapopokewa, mwenyewe anaingiza nywila zake za fedha kupitia dirisha ambalo mianya yake inajulikana na wezi na hakuna fundi atakayekuja kuiziba.

Kuna na balaa la pili, ambalo wauzaji wenyewe hulijua vyema. Shule ya ng'ambo inapozigawia wanafunzi mashine hizi huziandikisha katika mfumo wake, ili izisimamie kutoka mbali. Isipoziondoa katika orodha kabla ya kuziuza, mashine hubaki mali yake kimtandao ijapokuwa imevuka bahari. Nimewahi kuonyeshwa moja katika duka fulani la katikati ya jiji: ilipofutwa kila kitu na kuwashwa upya, iliomba akaunti ya wilaya moja ya elimu huko Marekani na kukataa nyingine yoyote. Mwuzaji aliniambia nisijali, kuna fundi. Hapo ndipo nilipokumbuka msemo wetu wa kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Nao wanaoipinga Chromebook kwa hoja ya mtandao wana hoja, ingawa wengine huitia chumvi. Hati zaweza kuandikwa bila intaneti, mradi mwenyewe awe ameiruhusu mashine mapema, akiwa bado mtandaoni, kuhifadhi nakala ndani yake. Wengi hawalijui jambo hili mpaka siku ya shida. Na siku za shida tumeziona. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidhoofika tena nchini. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa saa nyingi. Mtu aliyeweka kila kitu chake winguni alikaa akitazama kioo. Fauka ya hayo, hifadhi ya bure ya Google ni gigabaiti 15, zinazogawanywa baina ya barua pepe, picha na hati, na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili yaweza kufutwa. Kwa sababu hizo mimi huweka nakala ya kazi zangu muhimu katika kidude cha hifadhi mfukoni, nisingoje kuambiwa na mtu.

Serikali nayo haina budi kulitazama suala hili, kwa kuwa yenyewe ni mnunuzi mkubwa. Sote tunakumbuka ahadi ya mwaka 2013 ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa, na mwaka 2016 vikaanza kugawanywa vishikwambi vilivyounganishwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na kampuni za ng'ambo. Mara nyingi tumesoma habari za vifaa hivyo kufungiwa kabatini au kuibwa. Mjadala wetu ulihusu bei, umeme na walinzi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza vingepokea masasisho hadi mwaka gani. Siku Wizara ya Elimu itakapotangaza zabuni nyingine, iwe ni ya Chromebook au ya mashine nyingine yoyote, swali hilo liwe sharti la kwanza katika karatasi za zabuni: pungufu ya miaka saba kuanzia siku ya kukabidhiwa, mzigo urudishwe.

Kisha kuna siri za watoto. Julai 2022 mamlaka ya Denmark ya kulinda data iliizuia manispaa ya Helsingør kutumia Chromebook na programu za Google katika shule zake, kwa sababu hatari kwa data za wanafunzi hazikuwa zimechunguzwa ipasavyo. Marufuku hiyo ilisimamishwa baadaye mwaka huo, lakini ilizilazimisha pande zote kukaa na kusoma mikataba. Sisi tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pamoja na kamishna wake. Mashine haijaletwa bado. Huu ndio wakati wa ofisi hiyo kuiandikia Wizara.

Kwa mwananchi wa kawaida, dawa haihitaji sheria mpya. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua, na tunayo Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Kopo la maziwa halionyeshwi rafuni bila tarehe ya mwisho. Mamlaka ya Ushindani, ikishirikiana na Shirika la Viwango, yaweza kuagiza kwamba kila tarakilishi ya mtumba ibandikwe karatasi yenye mambo mawili: mwezi na mwaka wa mwisho wa masasisho, na hakikisho kwamba haimo katika orodha ya shule au kampuni yoyote. Kazi hiyo haichukui dakika tano kwa mashine moja. Waagizaji watalalamika kwamba bei zitaporomoka. Naam, za mashine zilizopitwa na wakati zitaporomoka, na zinastahili.

Wale ambao mashine zao za Windows zimeachwa solemba wasikimbilie dukani kabla ya kujaribu njia nyingine. Tangu 2022 Google imekuwa ikitoa bure mfumo uitwao ChromeOS Flex, ambao huwekwa katika tarakilishi nyingi za zamani na kuzifanya zifanye kazi kama Chromebook, isipokuwa hauna duka la programu za simu. Linux za aina nyingine pia zipo. Fundi mwenye ujuzi huimaliza kazi hiyo kwa saa moja, nayo mashine haipelekwi Dandora kabla ya wakati wake.

Na anayepania kununua amwombe mwuzaji aiwashe mashine mbele yake, aifute, aingie kwa akaunti ya mnunuzi mwenyewe, kisha afungue mipangilio na kuingia sehemu inayoeleza habari za mfumo wa ChromeOS. Tarehe imeandikwa humo, mwezi na mwaka. Mwuzaji akisema hana muda wa hayo, Luthuli Avenue ina maduka mengi.