Kabla ya Guangzhou, Pitia Kamukunji

Wasee, leo tuongee kuhusu hizi safari za masomo ya biashara, na tusibembelezane. Vyuo vingi sai vina yake: wiki mbili Uchina, siku kumi Dubai, wiki moja Kigali. Bango linabandikwa kwa ubao wa matangazo, lina picha ya ndege na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mathe anaenda kwa chama, anakopa. Mjomba anapigiwa simu. Kijana anapanda ndege, anapiga picha mbele ya maghorofa, anarudi na cheti. Halafu?

Hapo kwa "halafu" ndipo shida iko. Msimamo wangu ni huu: safari fupi ya biashara inaweza kukufaa maisha yako yote, lakini si kwa sababu umevuka bahari. Inakufaa ukienda na swali la mtu ambaye pesa zake ziko hatarini. Bila hilo swali, umelipia likizo ukaiita masomo.

Nimeenda moja. Siku kumi na mbili, Guangzhou kisha Yiwu. Guangzhou ndiko hufanyika yale maonyesho makubwa ya Canton Fair, yaliyoanza 1957 na hufanywa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Yiwu, mkoa wa Zhejiang, ndiko kuna lile soko la jumla la vitu vidogovidogo: vipini vya nywele, miavuli, vidude vya simu, vyombo vya jikoni, maua ya plastiki. Vibanda vinapita 70,000. Piga hesabu: ukisimama dakika moja tu kwa kila kibanda, masaa 8 kila siku, itakuchukua zaidi ya siku 140 kumaliza. Chuo kinakupa siku tatu. Kwa hivyo usipojua unachotafuta, utatembea mpaka miguu ivimbe na usione kitu.

Kwa kundi letu kulikuwa na dada mmoja ambaye shangazi yake huuza vyombo Kamukunji. Huyo dada alibeba kifuniko cha chupa ya chai kutoka Nairobi. Kifuniko kilichopasuka, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Shangazi alikuwa amemwambia wateja wengi hawatupi chupa juu imeharibika. Wanaitupa juu kifuniko kimeisha na hakuna mahali pa kununua kingine. Swali lake lilikuwa moja tu: vifuniko vinauzwa peke yake?

Sisi wengine tulikuwa tunauliza wauzaji "biashara ikoje?" na tunapewa kadi na tabasamu. Yeye alitoa kifuniko mezani. Muuzaji akavuta kiti, akapima mdomo wa kile kifuniko, akaandika bei kwa kikokotoo, akamwonyesha katoni inaingia vingapi na ina ukubwa gani. Dakika ishirini. Katika hizo dakika, huyo dada alisoma mambo ya usambazaji, vipimo, kiwango cha chini cha oda na majadiliano ya bei kuliko sisi kwa muhula mzima. Hakuwa na akili kutushinda. Alikuwa na swali la shangazi.

Sasa kuna wale watasema: kwani Alibaba iko wapi? Bei zote si ziko kwa simu? Ni kweli, bei ziko. Lakini simu haikunusishi plastiki ikiwa inanuka. Haikuonyeshi kwamba sampuli ni nzito na mzigo wenyewe ni mwepesi. Na haikufundishi kile kitu kinachowaangusha wengi wanaoagiza mara ya kwanza: bei ya kibandani si bei ya bidhaa.

Tupige hesabu ya mfano. Kitu kinauzwa yuan 10, na tuseme yuan moja ni shilingi 18. Hiyo ni 180. Kichwa chako tayari kinasema "kule ni 180, hapa naona kwa duka 500, nimeomoka!" Pole pole, bana. Ongeza ajenti na meli, tuseme kikifika Mombasa kimekuwa 230. Kama kiko kwenye kiwango cha juu cha ushuru wa Afrika Mashariki, asilimia 35, umeongeza kama 80. Juu ya hiyo, VAT ya asilimia 16, kama 50. Tayari uko 360, na bado hujalipa ada ya reli, ada ya tamko la uagizaji, wakala wa forodha, lori na kodi ya duka. Halafu unashuka Kamukunji unakuta mama anakiuza jumla kwa 350, juu yeye huagiza kontena zima kutoka kiwandani na gharama yake ya meli kwa kila kimoja ni kidogo kuliko yako.

Hiyo hesabu haiwezekani kama hujui bei ya Kamukunji kabla ya kupanda ndege. Na hapo ndipo vyuo vingi vinatuangusha. Tunapewa mafunzo ya adabu za mezani na jinsi ya kushika vijiti vya kulia. Hakuna anayetupeleka Nyamakima kuuliza bei, na ni matatu ya shilingi hamsini.

Mnakumbuka mapema 2023, China Square ilipofunguliwa Unicity, kule Thika Road? Wafanyabiashara wa jijini waliandamana, wakisema hawawezi kushindana na zile bei. Watu wakabishana wiki nzima kuhusu nani anafaa kuuza nini. Mimi nilichoona ni kwamba mnunuzi wa kawaida alipanga foleni bila kuuliza pasipoti ya mwenye duka. Anayejua bei ya kiwandani, gharama ya meli na mfuko wa mnunuzi wa Nairobi ndiye anashinda, awe ametoka Zhejiang au Murang'a. Sisi tuna hiyo elimu ya tatu tayari, tumezaliwa nayo. Safari ni ya kutafuta hizo mbili za kwanza.

Na kuna jambo lingine hatuambiwi. Yiwu haikuanza na maghorofa. Zamani watu wa kule walikuwa wachuuzi wa kutembea, wanabeba sukari kijiji kwa kijiji wakibadilishana na manyoya ya kuku. Mwaka 1982 wakubwa wa mji wakakubali soko la barabarani liwe halali, na soko likakua kutoka hapo. Soma tena hiyo sentensi ukifikiria kanjo akibeba mzigo wa mama wa mitumba pale mjini. Kama kuna somo la biashara la kurudi nalo kutoka Uchina, ni hilo, na hakuna ada ya forodha kulileta.

Pia, kwa nini kila safari ni ya kuangalia vya kununua? Mwaka 2022 avokado zetu freshi zilianza kuingia soko la Uchina. Guangzhou kuna soko kubwa la jumla la matunda, Jiangnan. Mwanafunzi kutoka Murang'a, ambaye baba yake ana miti ya Hass, anafaa kusimama pale na kuuliza: mnataka ukubwa gani, mnakataa gani, na kwa nini? Hilo swali moja likipata jibu linaweza kusaidia wakulima wa kijiji kizima.

Najua kuna msee atasema "lakini sisi ni wanafunzi, si wafanyabiashara." Sawa. Anayesomea udaktari naye si daktari, lakini hawezi kumaliza bila kugusa mgonjwa. Kwa nini wa biashara amalize bila kugusa hesabu ya mtu?

Kwa hivyo nasema hivi kwa vyuo, na kwa sisi tunaolipa. Moja, hakuna kupanda ndege kabla ya kukaa Jumamosi mbili sokoni hapa nyumbani na kupata mfanyabiashara mmoja anayekupa swali lake. Mbili, ukirudi, ripoti ya kwanza apewe huyo mfanyabiashara, si mhadhiri. Mhadhiri anaweza kukupa A kwa maneno matamu. Mama wa Kamukunji atakuuliza katoni ina vipande vingapi.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi: nusu ya darasa haiendi. Si kwamba hawataki. HELB imeisha kwa karo na hosteli, na nyumbani hakuna cha kuuza. Basi kila anayeenda abebe swali la mmoja anayebaki, na daftari lake liwe la wote wawili. Bei, majina ya masoko, vipimo, makosa ya hesabu, kila kitu. Kama elimu ya safari inabaki kwa simu ya yule ambaye wazazi wake waliweza kulipa, basi tumewaongezea walio nacho na tukaita hiyo maendeleo.

Na wewe ambaye fomu iko mkononi sai, usiijaze Jumatatu. Jumamosi hii shuka Kamukunji asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Tafuta mtu anayeuza kitu kinachotoka mbali, mnunulie chai, umwulize ni kitu gani angetaka kujua kuhusu mahali kinatoka. Akikupa swali la maana, jaza fomu. Kama bado huna swali, mwachie mathe pesa ya chama kwanza.