Gari la zamani Goma: pesa kidogo ianzie kwenye freni, rangi ije mwisho

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma wahame mara moja. Kwa saa chache tu barabara ya kwenda Sake, kilometa kama 25, ilijaa watu. Wengine walikwenda kwa miguu, wengine kwa moto, kwa chukudu, kwa malori na kwa magari madogo yenye magodoro juu na wazee na watoto ndani. Siku ile hakuna aliyeuliza gari la jirani lina rangi gani wala lilitengenezwa mwaka gani. Swali lilikuwa moja: litafika?

Swali hilo ndilo lingepaswa kumuongoza kila mkaaji wa Goma anayetaka kufufua gari dogo la Kijapani la zamani kwa pesa kidogo. Lakini mara nyingi kazi huanza upande mwingine. Pesa ya kwanza huenda kwa fundi wa rangi, ya pili kwenye radio na vitambaa vya viti, na freni zinaambiwa zisubiri mwezi ujao. Gari linatoka garaji likimetameta na majirani wanampongeza mwenyewe. Wiki mbili baadaye linashuka kwenye mteremko, watoto wa shule wakivuka mbele, na mguu wa dereva unazama hadi chini bila gari kusimama.

Kufufua gari la zamani si aibu, na kwa hali ya sasa ya Goma ni hesabu nzuri kwa jamaa nyingi. Lakini ni hesabu nzuri ikiwa tu kazi inaanza chini ya gari. Anayeanza juu amenunua sura, na hatari ameiacha pale pale.

Magari haya hayakufika hapa kwa bahati. Kule Japani kila gari dogo la mtu binafsi lazima lipite ukaguzi mkali, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Kadiri gari linavyozeeka, kulipitisha kunagharimu zaidi, na wengi huona ni afadhali waliuze. Ndiyo sababu gari ambalo mwenyewe alilichoka kule linapata maisha ya pili huku Afrika. Toyota Starlet ilitengenezwa tangu mwaka 1973 hadi 1999, kisha ikaachia nafasi Vitz. Moteri ya Starlet za mwisho, ya lita 1.3, ni ndogo, haina mambo mengi ya elektroniki, na fundi aliyejifunza kazi chini ya mti anaweza kuifungua na kuifunga. Corolla za miaka ile ni hivyo hivyo. Piesi zake zinapatikana: kama si kwenye maduka ya Goma, basi Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana kwa miaka mingi kwa biashara ya piesi zilizokwisha kutumiwa.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango. Aliyekuwa na akiba alishindwa kuifikia, na aliyetumaini mkopo akabaki bila mlango wa kubisha. Katika hali hiyo, kumwambia mwalimu au mama muuzaji wa vitenge anunue gari la karibuni ni kumcheka. Alicho nacho ni dola chache mkononi, na pengine gari la baba lililosimama uani miaka mitatu, kuku wakilala chini yake.

Wapo wanaosema gari la zamani ni shimo: unatupa pesa leo, kesho linadai tena. Hawakosei kabisa. Gari likitengenezwa bila utaratibu huwa shimo kweli. Leo linabadilishwa kitu kimoja kwa sababu kinapiga kelele, kesho kingine kwa sababu fundi amependekeza, na mwisho wa mwaka mwenyewe amelipa pesa ya kununua gari zima lakini bado anaamka akilisukuma. Dawa ya shimo hilo ni kujua kitu gani kinatangulia.

Kitu cha kwanza ni kujua gari lipi halifai kufufuliwa. Namba iliyochongwa kwenye bodi ilingane na ile ya karti roze. Ikikosana, mnunuzi ashike njia arudi nyumbani, hata bei iwe tamu namna gani. Kisha gari liangaliwe chini. Magari yaliyotumiwa sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja yakiwa yameliwa na kutu. Ichukuliwe bisibisi, igongwe kwenye sakafu, kwenye mihimili ya chini na mahali amortiseri zinaposhikilia bodi. Ikizama kama kwenye muhogo uliooza, hakuna rangi wala mastiki itakayoliokoa gari hilo. Moteri iwashwe asubuhi ikiwa ya baridi. Moshi wa buluu unasema inakula mafuta ya moteri. Moshi mweupe usioisha, pamoja na mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, unasema maji yameingia mahali pasipo pake. Gari la namna hiyo linataka pesa ambayo mtu wa kipato kidogo hana.

Gari likipita mtihani huo, kazi ianze na freni. Mafuta ya freni hunyonya maji ya hewani mwaka baada ya mwaka. Kwenye mteremko mrefu freni zinapata moto, maji hayo yanachemka, na mguu unakosa kitu cha kukanyaga. Kuyabadilisha yote ni kazi ya saa chache na bei yake ni ndogo kuliko bei ya radio. Mipira midogo inayopeleka mafuta hayo kwenye magurudumu ikaguliwe kama imepasuka, plakete za mbele zipimwe, na madumu ya nyuma yafunguliwe, maana huko nyuma wengi hawaangalii kamwe.

Baada ya freni ni volani na miguu ya gari. Goma imejengwa juu ya makoro. Ukiacha barabara chache za lami, kila safari ni kugongwa na mawe ya volkano, na hakuna kinachoumia haraka kama rotili, amortiseri na vipande vya mpira vinavyoshika miguu ya gari. Fundi mwenye haraka atasema, "Patroni, tuilehemu tu, itatembea." Itatembea, ndiyo, hadi siku itakapochomoka, gurudumu lilale upande na gari lifuate. Rotili iliyochoka haitengenezwi kwa moto wa kulehemu, inabadilishwa. Hilo ni neno ambalo mwenye gari anapaswa kulishikilia hata fundi akikasirika.

Mipira ya magurudumu nayo ina umri, na umri huo umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne. Ukisoma 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukawa mzee wa kupasuka. Muuzaji hatalazimika kukuambia, lakini namba haidanganyi.

Ndipo inafika zamu ya moteri, na hapa jambo kubwa ni maji. Fundi wengi wa mitaani, gari likipata joto, huondoa termostati na kuitupa, kisha wanasema tatizo limekwisha. Kumbe termostati ndiyo inayoipa moteri joto lake la kazi. Bila hiyo, moteri inazunguka ikiwa ya baridi, inakunywa esansi nyingi na inachakaa kabla ya wakati. Radiateri isafishwe, mipira yake ibadilishwe, feni ijaribiwe, na maji ya dawa yatumike badala ya maji ya ziwa yaliyochotwa kwa bidoni. Aliyekaa kwenye foleni ya Sake mwaka 2021, akisogea hatua kwa hatua juani na gari limejaa watu, anajua kwa nini jambo hilo si dogo. Foleni ndiyo inayoua moteri isiyo na maji mazuri. Vumbi jeusi la makoro nalo halina huruma: filtri ya hewa iliyochanika inalipeleka moja kwa moja ndani ya moteri, likafanye kazi ya msasa.

Mfano unaweza kusaidia. Mtu ana dola 600 kwa kazi yote. Azigawe mafungu sita ya dola 100. Moja ni la freni. Mawili ni ya rotili, amortiseri na volani. La nne ni la mipira. La tano ni la maji, mafuta, filtri na buzi. La sita lisiguswe, maana hakuna gari la zamani lililofunguliwa bila kumshangaza mwenyewe. Bei za piesi hupanda na kushuka, na kila gari lina ugonjwa wake, lakini mpango huo unafaa kwa pesa nyingi na kwa pesa kidogo. Rangi haimo. Rangi itakuja mwakani, gari likiwa limekwisha kujilipia sehemu kwa kazi.

Kuna pia jambo la volani. Kongo huendesha kuume, lakini magari mengi yanayofika kwa njia ya Mombasa au Dar es Salaam yana volani kuume pia, na dereva haoni mbele anapotaka kupita lori. Kinshasa ilikwisha kutangaza marufuku ya kuingiza magari ya namna hiyo. Wengine hupeleka gari lao kwa fundi ahamishe volani kushoto. Kwa mwenye pesa nyingi na fundi bora, sawa. Kwa mwenye pesa kidogo ni kununua hatari ya pili: volani iliyounganishwa kwa vipande vya kulehemu, na pedali ya freni inayosukuma fimbo ndefu iliyobuniwa uani. Afadhali aliye na gari la volani kuume aliache hivyo, aendeshe polepole, asipite lori bila mtu wa upande wa kushoto kumuangalizia, na pesa hiyo aitie kwenye freni.

Mwenye gari anunue piesi mwenyewe au awepo zinaponunuliwa. Adai arudishiwe kila kipande kilichotolewa, akishike kwa mkono. Aandike katika daftari tarehe, piesi na bei. Asilipe kazi yote kabla haijaisha. Hayo si dharau kwa fundi. Fundi mwaminifu anayapenda, kwa sababu yanamtenga na yule anayepokea pesa ya piesi mpya na kufunga iliyopakwa grisi.

Mji nao una deni. Ukaguzi wa gari unaoishia kwenye makaratasi na vibandiko vya kioo haujakagua kitu. Yeyote anayesimamisha magari barabarani na kupokea kodi kwa jina la usalama anapaswa kwanza kumwambia dereva: kanyaga freni, zungusha volani, onyesha mipira. Gari linaloshindwa lipewe muda wa kutengenezwa, si faini ya kuondokea, kwa sababu faini inachukua pesa ile ile ambayo ingenunua plakete. Na vijana wanaotoka kwenye shule za ufundi na kwenye vituo kama Don Bosco Ngangi wanastahili kuonekana kama watu wanaoshika maisha ya wengine mikononi. Mji unaotegemea magari ya miaka 25 na 30 unawategemea wao kwanza.

Goma inajua kufufua vitu. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu wakajenga tena juu ya mawe yale yale. Chukudu, iliyopewa sanamu kwenye mzunguko wa barabara, ni mbao na mpira wa gari lililozeeka, na inabeba mzigo wa jamaa nzima. Hakuna anayeipaka chukudu rangi kabla ya kuhakikisha gurudumu lake linashika.

Nyiragongo bado inatoa moshi, na vita havijamaliza kuhamisha watu. Siku nyingine ya kuondoka kwa haraka inaweza kufika bila kuaga. Siku hiyo gari lililofubaa rangi lakini lenye freni, maji na rotili nzima litawabeba bibi na watoto hadi Sake, au hadi Rutshuru, na kuwarudisha. Lile linalometameta linaweza kubaki kando ya barabara, boneti wazi, mvuke ukipanda, na jamaa wakishusha magodoro ili waendelee kwa miguu.