MUUGUZI WA BALAMBALA AFUNDISHWE HAPO HAPO KAZINI



Wako watakaouliza, watu wa reli wana nini na wauguzi wa Balambala? Reli yenyewe haijafika Garissa hata leo. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na ile mpya ikafika Naivasha mwaka 2019, lakini Kaskazini Mashariki kumeachiwa lori, basi na ngamia. Lakini hatukuunda chama ili tujitazame wenyewe tu. Muuguzi ni mfanyakazi, anaingia zamu ya usiku kama sisi, na jambo tunalotaka kulieleza leo twalifahamu vizuri kutokana na kazi yetu: mafunzo ya mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Dereva wa gari moshi hamalizi kusoma siku anapopewa cheti. Huonyeshwa njia kabla hajaipita peke yake, na akikaa muda mrefu bila kuipita sehemu hiyo huonyeshwa tena, maana mteremko na kona havikumbukwi kwa karatasi. Chuo cha Reli cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, na hatujamsikia mtu wa reli mwenye akili akisema ya kwamba kumrudisha mfanyakazi darasani ni kupoteza fedha.

Sasa mtazameni muuguzi wa zahanati. Balambala iko kando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa, na jimbo hilo lina wadi za Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Wenyeji wengi ni Wasomali wafugaji, na waliokaribu na mto hulima. Mama akizidiwa katika uzazi hana budi kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Garissa. Wakati wa kiangazi ni safari ya vumbi. Wakati wa mvua huenda isiwe safari kabisa. Novemba 2023 mafuriko yalikata hata barabara kuu ya lami ya Garissa karibu na Madogo, sembuse hizi za udongo. Basi siku kama hiyo muuguzi aliye zamu ndiye daktari, ndiye mkunga, na ndiye hospitali.

Kwa hesabu za sensa ya mwaka 2019, katika Kenya nzima walikufa akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa Garissa hesabu ilizidi 600. Twaomba kila msomaji aisome tena sentensi hiyo, kisha amfikirie dada yake.

Mambo yanayowaua si ya ajabu. Mama hutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, au hushikwa na kifafa cha mimba, au huingiwa na uchafu katika tumbo la uzazi. Mtoto huzaliwa bila kupumua, au huzaliwa kabla ya miezi yake. Mengi ya hayo yana dawa au ufundi unaojulikana, lakini ni ufundi wa dakika. Mtoto asiyelia akaushwe, asuguliwe mgongo, na kama bado hapumui apewe hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mtu aliyefundishwa jambo hilo chuoni miaka kumi iliyopita, na ambaye hukutana na mtoto wa namna hiyo mara chache tu kwa mwaka, mkono wake utatetemeka. Huo si uzembe. Hata sisi tusingependa kupewa breki tusiyoishika tangu mwaka juzi.

Tena elimu yenyewe haisimami. Zamani muuguzi alikisia kwa macho damu iliyomwagika, na macho hupunja. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu, na kipimo kikifika mahali pa hatari wauguzi hawakujaribu dawa moja kisha wakangoja; walifanya yote kwa pamoja: kusugua tumbo, sindano ya kukaza tumbo la uzazi, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, na kutafuta damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Kama muuguzi wa Saka au Jarajara alitoka chuoni kabla ya hapo, nani amekwenda kumweleza?

Yako pia mambo ya Garissa yenyewe. Dawa ya oksitosini yataka kuwekwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, na joto la huko twalijua. Friji likizimika, dawa huweza kupoteza nguvu na chupa isionyeshe dalili yo yote. Kuna dawa nyingine inayostahimili joto, kabetosini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2019, lakini dawa mpya bila mtu wa kuifundisha ni sanduku tu kabatini. Na liko jambo ambalo wanaume huona haya kulitaja, nasi twalitaja. Wanawake wengi wa upande huo walikeketwa na kushonwa wakiwa watoto. Sheria ya mwaka 2011 imekataza, lakini mama anayezaa leo alikwisha kufanyiwa. Kumfungua bila kumwumiza ni ufundi, na muuguzi aliyeletwa kutoka kaunti nyingine huenda hajapata kuuona hata mara moja.

Haya, watasema wakubwa, mbona semina zipo? Ni kweli zipo, na hapa ndipo penye maneno yetu hasa.

Katika hospitali ya misheni ya Haydom, mkoa wa Manyara, Tanzania, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumpumulisha mtoto mchanga. Walipojaribiwa kwa mwanasesere baada ya miezi kadhaa walifanya vizuri kuliko kwanza. Lakini walipotazamwa chumbani na watoto wa kweli, kazi ilikuwa ile ile ya zamani. Wakubwa wa Haydom hawakuwalaumu wakunga. Waliweka mwanasesere pale pale katika chumba cha kujifungulia, wakawafanya wafanyakazi wajizoeze kwa dakika chache tu, mara kwa mara, wiki baada ya wiki. Matokeo yaliandikwa mwaka 2015: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 na kitu katika kila 1,000 mpaka 7 na kitu. Majengo yalikuwa yale yale na watu wale wale. Baadaye njia hiyo ilipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania.

Basi twasema wazi, hata kama tutawaudhi baadhi ya ndugu zetu. Semina ya siku tano hotelini Garissa au Nairobi haimtoshi muuguzi wa Balambala, na pengine yamdhuru mama. Zahanati yenye muuguzi mmoja hufungwa mlango siku hizo. Anayechaguliwa kwenda mara nyingi si yule anayezalisha, bali yule aliye karibu na ofisi. Na sababu ya wengi wetu kuipenda semina twaijua: ni posho. Hatumcheki mtu kwa hilo. Mshahara ukiwa mdogo, posho ya siku tano ni ada ya mtoto shuleni. Lakini mwajiri anayeficha sehemu ya mshahara ndani ya semina amefanya ujanja, maana humlipa anayempenda na kumnyima asiyempenda, na jambo hilo halimo katika mapatano yo yote. Sisi twataka posho hiyo itoke gizani iingie katika mshahara na marupurupu ya mazingira magumu, yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, kisha mafunzo yabaki kuwa mafunzo.

Wala wauguzi wa huko si watu wasiojitolea. Novemba 2014, baada ya watu 28 kuuawa katika basi huko Mandera, vyama vya wafanyakazi viliwashauri wanachama wao waondoke Kaskazini Mashariki mpaka usalama upatikane. Hatulaumu shauri hilo. Mfanyakazi hakuajiriwa ili auawe. Lakini walikuwako waliobaki, wengi wao wenyeji, wakafanya kazi ya watu wawili na watatu. Na mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma karibu miezi mitano wakidai mapatano yao yatekelezwe. Mtu akituambia ya kwamba muuguzi hafikirii ila fedha, tutamwuliza yeye alikaa wapi wakati huo.

Serikali nayo ilifanya jema mwaka 2013 ilipofuta ada ya kujifungulia katika hospitali za umma. Mwaka ule ule afya ilihamishiwa mikononi mwa kaunti. Lakini kumwambia mama aje zahanati ni nusu ya neno. Akifika akute mtu mwenye mikono iliyozoea.

Kwa hiyo tunayodai, pamoja na wenzetu wa chama cha wauguzi, ni haya. Mafunzo ya uzazi na ya watoto wachanga yapelekwe kwenye kituo, yasimvute muuguzi kukiacha. Garissa mjini iko hospitali ya rufaa na liko tawi la KMTC. Wakunga wenye ujuzi wapewe gari na ratiba, wazunguke wadi zote tano, wakae siku moja au mbili pamoja na muuguzi, washike kazi pamoja naye, kisha warudi tena baada ya miezi michache. Kila kituo kinachozalisha kiwe na mwanasesere wake na mfuko wake wa kujizoezea, visifungiwe stoo ya mganga mkuu. Saa za kujizoeza zihesabiwe kuwa saa za kazi. Baraza la Wauguzi hutaka mtu aonyeshe amejiendeleza ndipo aongezewe leseni. Vizuri, basi saa hizo za kituoni zihesabiwe humo, na mtu asilazimishwe kununua masomo kwa mfuko wake ili asipoteze kibarua. Wauguzi wa mkataba, wakiwa ni pamoja na walioajiriwa kuanzia mwaka 2020 kwa mpango wa Afya kwa Wote, wasibaguliwe kwa neno la kwamba hawakuwa wa kudumu. Mtoto anayeshindwa kupumua haulizi barua ya ajira.

Wengine wamependekeza simu. Tangu mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi walitumia kompyuta kuwapandisha wauguzi wa cheti mpaka diploma, na wengi walifaulu bila kuacha kazi. Hatuipingi simu. Yafaa kwa kusoma na kwa kumwuliza mkubwa wa Garissa swali usiku, mtandao ukiwapo. Lakini simu haiushiki mkono wa mtu na kumwonyesha namna ya kukiweka kifuniko kwenye uso mdogo usiozidi kiganja.

Na umuliso, mkunga wa jadi, asifukuzwe kama mwizi. Akina mama humwamini na humwita kwanza. Mkunga wa kuzunguka akifika kituoni, naye aitwe akae, aelezwe dalili za hatari, na ajue ya kwamba akimleta mama mapema atapokewa kwa heshima.

Azimio juu ya mambo haya litaletwa katika mkutano ujao wa tawi, ili likikubaliwa lipelekwe kwa serikali ya kaunti ya Garissa na kwa chama cha wauguzi. Wanachama wenye ndugu au wake wanaofanya kazi katika zahanati za upande wa Tana tunawaomba wawaulize maswali mawili kabla ya siku hiyo: mara ya mwisho walipozoezwa kumpumulisha mtoto mchanga ilikuwa lini, na nani alibaki kituoni walipokwenda. Majibu mpeni katibu wa tawi kwa maandishi, bila kutaja jina la muuguzi wala la kituo.