Mtuulize Kwanza

Kwenu waganga na wauguzi, na kwenu wanafunzi wa uuguzi mnaosoma kitabu hiki: Mimi ni mama wa Butembo. Nina ugonjwa wa sukari, nami najichoma sindano ya insulini mara mbili kila siku. Mmetufundisha mambo mengi, na tunawashukuru. Leo naomba mgonjwa naye afundishe kidogo.

Dawa hii ni njema. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto, kijana Leonard Thompson alikuwa karibu kufa. Akaanza kuchomwa insulini, akaishi miaka 13 tena. Basi simlaumu aliyetengeneza dawa. Nataka kusema juu ya maneno yanayopita kati ya mgonjwa na muuguzi mezani.

Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa upande wa Beni wameuawa vijijini na mashambani. Siku moja nilikuwa huko kwa dada yangu, tukakimbia usiku, na chupa yangu ikabaki nyumbani. Nilikaa siku tatu bila sindano. Niliporudi nilikwenda kupimwa, na sukari ilikuwa juu sana. Muuguzi akauliza, “Mama, umejichoma kila siku?” Nikajibu, “Ndiyo, kila siku.” Uongo huo ulikuwa wangu, sikatai. Lakini mara ya mbele nilikuwa nimesema kweli, nikagombezwa mbele ya wagonjwa wote kama mtoto aliyeiba ndizi.

Basi yeye akafikiri dawa haitoshi, akaongeza kipimo. Nikaenda nyumbani, nikajichoma kipimo kipya chote. Jioni chakula kilikuwa maharagwe kidogo tu. Usiku nikatoka jasho, nikatetemeka, nikaanza kusema maneno yasiyo na maana. Mtoto wangu akafikiri ni pepo. Jirani, ambaye mama yake ana ugonjwa huu, akakoroga sukari katika maji upesi, akaninywesha nikiwa bado naweza kumeza. Ndiyo sababu ninaandika leo.

Nani alikosa? Mimi nilidanganya. Lakini nawaambia wazi: pale mgonjwa anapoaibishwa, kitabu chake cha sukari kitajaa hesabu za uongo, na mganga atapima dawa kwa uongo huo.

Sisi wa Butembo na Beni tumekwisha kuona jambo hili kwa ukubwa. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Magari yalikuja na watu wenye elimu kubwa, lakini wengi wetu tuliona wanatuamuru kabla ya kutusikiliza, na wengine wakaficha wagonjwa wao. Mimi mwenyewe niliogopa kwenda kupimwa sukari miezi mingi.

Tena kuna mashauri yasiyo na miguu. Mnasema, “Weka insulini katika frigo.” Wangapi kati yetu wana frigo, au umeme wa usiku kucha? Mkituuliza, tutawaambia tunaitia katika mfuko wa nguo, au karibu na moto jikoni. Ndipo mtatufundisha habari ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, pahali pa kivuli. Kwetu Butembo milimani ni baridi, lakini Beni kuna joto, na joto linaharibu dawa. Vivyo hivyo kusema “Acha bugali” ni kazi bure. Mtuonyeshe kwa sahani ni bugali kiasi gani, na sombe kiasi gani, na maharagwe.

Bartimayo wa Yeriko alikuwa kipofu, na kila mtu aliona. Lakini Bwana Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Hakuona ni kupoteza wakati. Najua foleni yenu ni ndefu, na mwuguzi mmoja anahudumia wengi. Swali ninalolitaka halipiti nusu dakika. Mnipeleke pembeni kidogo, mbali na masikio ya wengine, mniulize, “Mama, juma hili sindano imekosekana siku ngapi, na kwa sababu gani?”

Siku ile ningejibu: tatu.