Ufunguo wa Daftari
Huko Marekani iko kampuni iitwayo Strava. Wapanda baiskeli na wakimbiaji huandikisha humo safari zao. Watu wengine wakatengeneza programu za ramani, zikachota habari hizo na kuwaonyesha hata rafiki na walimu wa michezo. Novemba 2024 Strava ikakataza: habari za mtu aonyeshwe mwenyewe tu, ili kulinda siri yake. Wenye programu wakanung'unika, na wapanda baiskeli vilevile.

Mimi karani hutunza madaftari. Jirani akitaka kuchungulia habari zako, namkatalia. Lakini wewe mwenyewe ukisema, "Mwonyeshe," nitakataa kwa haki gani? Mtunza daftari siye mwenye jasho. Basi, kabla ya kujiandikisha popote, ulizeni: ufunguo atashika nani?